Kilo Tisini na Nne

Jumapili, 3 Machi

Joto, hakuna wingu. Leo mkwe wangu Munyao ameniomba ushauri kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu Kate, miaka sita iliyopita. Kwa kuwa ushauri wenyewe ni wa vipimo, nimeona uandikwe kwa tarehe, ili baadaye pasiwe na ubishi juu ya nani alisema nini.

Naueleza pia utaratibu wetu wa kuzungumza, maana mjukuu ninayemngojea huenda asiukute. Sisi Wakamba tunauita nthoni: ile heshima baina ya mama mkwe na mkwe wake wa kiume. Hatupeani mikono, hatuli meza moja, hatutazamani usoni, na haiwezekani kabisa mmoja autaje mwili wa mwenzake. Wengi hapa mjini wameilegeza. Mimi sijailegeza, na Munyao, namsifu kwa hilo, hajanijaribu. Akija kwangu Kaloleni huketi kwenye benchi la mlangoni, nami hukalia kiti kinachoelekea dirisha. Kate hukaa katikati na kupitisha maneno, ingawa kila mmoja amemsikia mwenzake vizuri. Mtu huyu ninamjua zaidi kwa viatu.

"Mwambie mama nataka kununua kayaki ya kuvulia samaki," alisema leo.

"Mama, anataka..."

"Nimesikia. Muulize ni ya ziwa gani."

"Naivasha kwanza," akajibu kabla hajaulizwa. "Baadaye, Mungu akijalia, Victoria."

"Mwambie Naivasha si bwawa la kuogelea."

"Mwambie mama ndiyo maana nimekuja kwake."

"Nyinyi wawili," alisema Kate, ambaye ana mimba ya miezi minne, "nitaanza kuwatoza nauli ya maneno."

Hoja yake inaeleweka. Kazi yake ya kuendesha lori la unga iliisha Januari. Jirani yao wa Mbotela, Ngigi, fundi wa friji, huvua huko Naivasha kila Jumamosi kwa kayaki, yaani kale kachombo kembamba ka plastiki ka mtu mmoja kasikohitaji injini wala petroli, na hoteli moja hununua samaki wote anaowapata. Munyao anataka riziki hiyo iwe imesimama kabla mtoto hajazaliwa. Nami nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja. Kuniuliza lilikuwa jambo la busara, la kwanza ninaloweza kumhesabia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesoma kwa siku tatu. Kiwandani huandika kikomo cha uzito ubavuni mwa kila kayaki, na wanunuzi hukichukua kama ahadi. Si ahadi. Ni uzito ambao chombo bado hakijazama nao kwenye maji yaliyotulia kama ya beseni. Kwenye ziwa kubwa, ambako upepo wa alasiri huinua mawimbi, chombo kilichojazwa hadi kikomo huketi chini mno. Kila wimbi huingia, na kila linaloingia huongeza mzigo. Kanuni yangu itakuwa theluthi mbili: vyote vitakavyopakiwa, pamoja na mpandaji, visizidi theluthi mbili ya namba iliyoandikwa.

Nilimsomea Kate kwa simu. "Mama, umefanya samaki wawe mtihani," akasema. Ni mtihani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda peke yangu kwenye duka la vifaa vya uvuvi, Industrial Area. Munyao hangeweza kuandamana nami. Mama mkwe na mkwe wake hawazunguki dukani pamoja wakijadili mwili wa nani utatosha kiti gani. Nilihudumiwa na msichana aitwaye Jacky, aliyevaa mabuti ya mpira bila sababu yoyote.

"Mathe, hii fupi ndiyo watu wanapenda. Inaingia hata juu ya Probox."

"Kikomo chake?"

"Mia moja thelathini."

"Nani ameipima?"

"Imeandikwa hapo, mathe."

"Nimeona imeandikwa. Nimeuliza nani ameipima."

Alinitazama. "Kwani wewe ni wa serikali?"

"Nilikuwa."

Kuanzia hapo akaniita madam. Ziko tatu: fupi ya mita tatu, kikomo kilo 130, ya kati ya mita tatu na nusu, kilo 180, na ndefu ya mita nne na ziada, kilo 225, ambayo yenyewe ina uzito wa kilo arobaini na moja.

"Huyo mtu wa kupanda ni mkubwa?" Jacky aliuliza.

"Sijui," nikasema, na jibu hilo lilinikera njia yote hadi nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Nilimwita Kate jikoni nikamuuliza kwa sauti ya chini uzito wa mumewe. Akatoka kwenda mlangoni. Alikawia huko kuliko swali lilivyohitaji. Aliporudi alianza kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Tisini na nne."

"Amepima wapi?"

"Mama, amesema tisini na nne."

Katika miaka thelathini na mmoja sikuwahi kupokea uzito kwa mdomo. Nimefunga bucha za watu kwa upungufu wa gramu hamsini. Mizani yangu ya bafuni ilikuwa hatua sita kutoka kwenye benchi lake. Lakini kuitoa, kuiweka miguuni pake na kumwambia apande mbele yangu, hilo halifanyiki.

Nimeandika: 94.

Jumanne, 12 Machi

Mpandaji 94. Nguo na jaketi la kuokolea 4. Fimbo za kuvulia, kasha la ndoana na nanga 9. Maji ya kunywa na chakula 4. Samaki 8. Jumla 119.

Theluthi mbili ya 180 ni 120. Kayaki ya kati inatosha, kwa kilo moja.

Ile ndefu ingeruhusu 150, yaani ziada ya kilo thelathini na moja. Nimeikataa. Ni nzito kubeba, Ngigi anasema itatokeza mno juu ya gari lake, na isitoshe, sijawahi kupenda ziada isiyokuwa na sababu.

Jumamosi, 16 Machi

Ngigi ameichukua kayaki dukani peke yake. Munyao alikuwa kwenye mazishi Machakos. Jaketi la kuokolea nalo huuzwa kwa uzito wa mvaaji. Nilimpa Ngigi karatasi: la kilo themanini hadi mia. Jacky amempa hilo hilo.

Jumanne, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Milimita 11.

Ijumaa, 22 Machi

Milimita 27. Mtaro wa nyuma ya nyumba umeziba.

Jumapili, 7 Aprili

Jana Munyao na Ngigi walikwenda ziwani pamoja kwa mara ya kwanza. Leo Munyao ameniletea sato wawili, wamesafishwa vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Mwambie mama imekwenda kama mshale."

"Muulize ilikaaje majini."

"Vizuri. Ila makalio..."

"Munyao," Kate akamkatiza.

Viatu vilirudi nyuma chini ya benchi.

"Ila kiti kilikuwa na maji," akaanza upya.

"Muulize yalitoka juu au chini."

"Chini. Kupitia vile vitundu."

Sakafu ya kayaki ina vitundu sita vinavyoshuka moja kwa moja hadi ziwani, ili maji yanayorushwa ndani yapate pa kutokea. Maji yakipanda kutoka chini, sababu zinazowezekana ni mbili: ama mzigo umezidi, ama ni vitundu vinavyokusudiwa kuzibwa ziwa likiwa shwari, navyo havikuzibwa. Mzigo nimeuhesabu mwenyewe. Basi ni hiyo ya pili.

Jumatano, 10 Aprili

Milimita 34. Nimekata vizibo sita kutoka mpira wa gurudumu la lori, kwa kisu alichoacha marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi wa reli. Nimevipima kimoja kimoja. Hakuna kinachotofautiana na mwenzake kwa zaidi ya nusu milimita.

Jumapili, 14 Aprili

Nilimkabidhi Kate vizibo, Kate akamkabidhi mumewe. Nilisikia mpira ukigeuzwa mkononi.

"Mwambie mama sitaingia majini bila hivi."

Hakusema hivyo kwa adabu tu. Kitu alichotengeneza mama mkwe kwa mikono yake hakiachwi nyumbani.

Baada ya yeye kutoka, Kate alinionyesha daftari la mumewe. Kila agizo nililolitoa tangu Machi limo, kwa tarehe, kwa namba, kwa hati ya kusomeka. Kwa miaka sita nimemdhania mzembe kwa sababu anacheka sana. Hiyo haikuwa hoja. Ilikuwa uvivu wa kufikiri, na ulikuwa wangu.

Jumatano, 24 Aprili

Milimita 88 tangu jana jioni. Kina mama wa kanisa wamepita wakikusanya blanketi za watu wa Mukuru kwa Njenga, ambako maji yameingia majumbani hadi kimo cha kitanda. Wanasema hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole sakafuni watu wakiyatazama, na kila mmoja alidhani yataishia pale yalipofika.

Jumapili, 28 Aprili

Munyao na Ngigi walipita kuacha samaki wakaondoka. Nyayo zao zilibaki kwenye tope la ua, sambamba, kama mistari miwili ya maandishi. Nikachukua rula. Za Ngigi zilikuwa na kina cha sentimita mbili. Za Munyao, tano. Ngigi husema ana kilo sabini. Kiatu cha Munyao ni kipana kuliko chake, na kiatu kipana hakizami kwa urahisi.

Nilisimama pale na rula mkononi. Kisha mvua ikaanza tena, nikaingia ndani. Sikufanya hesabu yoyote.

Jumapili, 5 Mei

Ngigi amekuja nao leo, akaketi ndani karibu nami, kwa kuwa yeye si mkwe wa mtu hapa. Anasema ziwa limepanda; pale walipokuwa wakiegesha gari sasa viboko wanakula nyasi.

"Na upepo siku hizi hauna adabu, mathe. Zamani ulikuwa unangoja saa nane. Wiki jana saa saba tayari unatutukana."

"Kate, mwambie mumeo saa sita kamili mchana awe ufuoni. Si majini akielekea ufuoni. Ufuoni."

Nilisikia kalamu ikiandika mlangoni.

"Huyu naye anaandika kama karani wa korti," alisema Ngigi. "Juzi kiboko alitokea, mimi natafuta njia ya kutoroka, yeye anatafuta kalamu."

Munyao alicheka hadi benchi likalia. Nami, nikiwa nimeelekea dirishani, nilitabasamu kidogo.

Jumapili, 12 Mei

Jana walikwenda tena na vizibo. Kiti kikavu.

"Mwambie mama vizibo vyake ni vya ajabu. Hata tone."

"Muulize walifika wapi."

"Mbali kuliko siku zote. Sasa silowi, sina haraka ya kurudi."

Tiba imefaulu. Nimeandika hivyo na kupiga mstari chini yake. Sijui kwa nini nimeona haja ya mstari.

Jumamosi, 18 Mei

Nilipita kwa Mugo, mwenye bucha wa Mbotela, niliyewahi kumnyang'anya mizani mara mbili alipokuwa kijana.

"Mama Kate. Leo umekuja na lile jiwe lako la kilo, ama umekuja kama mteja?"

"Nipe nusu, na kidole chako kiwe mbali na sahani."

"Kidole kilistaafu siku ulipostaafu wewe." Akafunga nyama. "Mkwe wako alichukua kilo tatu jana. Lakini mtu wa kiwango chake..."

"Kiwango gani?"

Alianza kufuta meza. "Aa, mama. Mimi siwezi kumwambia mtu habari za mwili wa mkwe wake."

Mugo si Mkamba. Hata yeye amejifunza kunistahi.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika saa kumi na moja jioni. Nitaandika kwa mpangilio wa matukio.

Saa tano kasorobo asubuhi nilimsindikiza Kate kliniki, ng'ambo ya Jogoo Road. Munyao na Ngigi walikuwa ziwani tangu saa moja. Nesi, anayeitwa Truphena, ni mwanamke mcheshi aliyemzoea Kate tangu mwezi wa pili wa mimba. Alimpandisha kwenye mizani.

"Sabini na sita. Unaongezeka vizuri. Usijaribu tu kumfikia mzee wako." Akacheka. "Mwezi jana alipanda hapa kwa mzaha. Mshale ulizunguka mpaka nikadhani mizani imeharibika."

"Ulisimama wapi?" niliuliza.

Truphena akamtazama Kate. "Mama, sijui kama..."

"Ulisimama wapi?"

"Mia moja ishirini na moja."

Nilikagua mizani. Ilikuwa na muhuri wa mwaka huu. Nilipanda mwenyewe: sitini na moja, uzito wangu. Mizani ni sahihi.

Kate alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, viatu mkononi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua si tisini na nne. Alisema usiambiwe. Alisema atakaaje mbele ya mama mkwe anayejua ana zaidi ya kilo mia. Aliona haya, Mama."

"Ungeniambia wewe."

"Uliniuliza jikoni, kwa kunong'ona, umeinamisha kichwa. Uliuliza kama mtu asiyetaka kujibiwa."

121 na 25 ni 146. Imezidi kanuni yangu kwa kilo ishirini na sita, ilhali kikomo cha kiwanda hakijafikiwa. Ndiyo maana asubuhi, ziwa likiwa limelala, chombo kinakwenda kama mshale na hakuna anayeona kitu. Maji yale ya kitini hayakusababishwa na vitundu. Yalitokana na mzigo. Chombo kilikuwa kikieleza ukweli kwa njia pekee kilichokuwa nayo, nami nilikata mpira nikakiziba mdomo. Wala vizibo havizuii wimbi kuingia kwa juu. Vinalizuia kutoka.

Saa ilikuwa tano na dakika ishirini. Kate alipiga simu, akaiweka kwenye spika.

"Niaje, mama mtoto."

"Munyao, toka majini."

"Sasa hivi? Tumeshika kumi na wawili. Wakubwa."

"Mama anasema utoke. Amejua uzito wako."

Kicheko kifupi, cha mtu aliyeshikwa. "Truphena amenichoma. Mwambie mama asiwe na wasiwasi, kiti ni kikavu. Vizibo vyake vimeshika. Saa sita niko ufuoni, kama alivyoagiza."

"Munyao, nisikilize..."

"Kate, mama alipiga hesabu. Mama hakosei."

Niliichukua simu kutoka mkononi mwa binti yangu.

"Munyao," nikasema.

Sikuwahi kulitamka jina hilo mwenyewe akisikia. Upande wa pili kila kitu kilikoma, hata pumzi.

"Una kilo mia moja ishirini na moja. Mimi nilikuhesabia tisini na nne. Chombo hicho hakikutoshi. Vizibo nilikosea kukupa. Wimbi likiingia halitatoka. Tupa nanga. Tupa samaki. Ng'oa vizibo vyote sita. Kisha uje ufuoni."

Nilisikia maji yakigonga plastiki taratibu.

"Ndiyo, mama," akasema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekutwa bila nguo. Simu ikakatika.

Kate alipiga tena mara tisa. Ngigi alipiga saa saba kasoro dakika kumi. Naandika maneno yake kama nilivyoyapokea.

"Mathe, tulikuwa karibu nusu kilomita kutoka ufuoni. Nilimwona akiweka simu kwenye kile kimfuko chake. Akakata kamba ya nanga. Akaanza kurudisha samaki majini, mmoja mmoja. Nikamuuliza, wewe, umerukwa na akili? Akasema, mama ameniongelesha. Hivyo tu. Alikuwa na uso wa ajabu, mathe, sijui ni haya au ni nini. Kisha akainama mbele, katikati ya miguu, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Upepo ukaingia hapo hapo, haikuwa hata saa sita. Wimbi la kwanza lilijaa ndani likakaa. La pili lilikuja ubavuni, na yeye bado ameinama."

Nikamuuliza habari za jaketi.

"Halijawahi kufunga mbele, mathe. Siku zote alikuwa akilivaa wazi, kama koti. Alipoingia majini lilimtoka kupitia kichwani. Nililishika jaketi. Yeye sikumshika."

Jumapili, 26 Mei

Wavuvi wamempata saa mbili na nusu asubuhi. Hakuna mvua.

Jumanne, 28 Mei

Ngigi ameileta kayaki. Vizibo viwili vya mbele havipo. Vinne vipo, vimekaza.

Alitii kwa mpangilio nilioutoa: nanga, samaki, vizibo. Agizo la kuja ufuoni nililiweka mwisho. Laiti ningelitaja kwanza, angekuwa anapiga kafi, mgongo umenyooka, upepo ulipofika. Mtu mwingine angelipima agizo, angechagua la haraka. Yeye alikuwa akiongeleshwa na mama mkwe wake kwa mara ya kwanza, tena juu ya mwili wake mwenyewe, na hakubaki na uwezo wa kuchagua.

Kate hanisemeshi. Anakula nikimwekea chakula, na hilo linanitosha kwa sasa.

Alhamisi, 30 Mei

Kikao cha mazishi kilifanyika kwangu, saa kumi alasiri. Wazee wa upande wa Munyao walikuja kutoka Machakos, sita, wakaketi kwa kujipanga kando ya ukuta. Mimi nilikuwa mahali pangu, nimeelekea dirisha, kama inavyotakiwa. Walizungumza juu ya gari la kubeba mwili, juu ya mahema, juu ya mhubiri. Mmoja wao alisema kijana wao alikuwa mtu wa adabu, na wengine wakaitika.

Kisha alisimama Musau, seremala atakayetengeneza jeneza. Alikuwa ameingia na kipande cha mbao cha kuandikia, na penseli sikioni.

"Mnisamehe kwa swali," alisema. "Urefu nimeupata mochari. Walionipa urefu hawakunipa uzito. Nataka kujua, kwa ajili ya mbao za chini na vishikio. Marehemu alikuwa na kilo ngapi?"

Niliwasikia wakisogeza miguu. Walikuwa wakinistahi: mwili wa mkwe hautajwi mahali nilipo, hata akiwa amekufa. Kate alikuwa mlangoni, ameshika fremu.

Mwishowe ami mkubwa wa Munyao alikohoa. "Andika tisini hivi," akasema kwa upole. "Tisini na kitu."

Nilisikia penseli ikianza kuandika.

Nikageuza kiti. Kwa miaka sita sikuwa nimegeuza kiti hicho kukiwa na mtu wa upande wao chumbani. Niliwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, wote sita, nao wakainamisha macho.

"Si tisini," nikamwambia Musau. "Ni mia moja ishirini na moja. Weka mbao nene, na vishikio vya watu wanane."

Musau alimtazama ami, kisha akanitazama mimi. Akaandika.